Pumba za Baba Mdogo

Baba alipopunguzwa kazi kwenye kiwanda cha saruji, hakurudi Ukambani kama wenzake. Alibaki Kitengela, kwenye ploti yetu ya udongo mweusi, akajenga vibanda vya mbao na wavu nyuma ya nyumba, akaanza kufuga sungura. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini. Jirani yetu, mama wa Kimaasai mwenye ng'ombe wengi, alikuja kuvitazama.

"Sasa hii ni mifugo kweli," aliuliza, "ama ni panya?"

Baba hakujali. Nyasi zilikuwa haba, kwa hivyo aliwalisha mabaki: magunzi ya mahindi yaliyosagwa, maganda ya maharagwe, majani ya kabichi yaliyotupwa sokoni, na pumba za ngano. Kwenye duka la dawa za mifugo aliuziwa unga wa vimeng'enya, akaambiwa unasaidia tumbo la sungura mchanga kuvunja chakula kigumu. Aliupima kwa kijiko cha chai, akauchanganya na pumba kwa mikono yake, taratibu, kama anayekanda unga wa chapati za wageni. Wale wadogo wakanenepa. Jioni aliwatoa mmoja mmoja, akawapakata kifuani. Sisi watoto wake hakuwahi kutupakata hivyo.

Pumba aliletewa na baba mdogo, ndugu yake wa pekee, aliyekuwa na stoo kando ya barabara ya Namanga. Baada ya mvua kubwa alileta magunia mengine, mapya kabisa. Haikupita wiki, sungura wachanga wakaanza kuhara. Matumbo yalivimba, wakawa wanasaga meno kwa uchungu. Wakafa karibu wote.

Mwenye duka la dawa alikuja, akachungulia vibandani. "Mzee, ulizidisha ile dawa ya unga."

"Huenda," baba alisema, akainamisha kichwa.

Baba mdogo alikuja na jembe lake. Alichimba shimo, akatusaidia kuwazika. "Pole sana, ndugu yangu. Hizi dawa za siku hizi si za kuaminika." Kisha akaketi, mama akampakulia muthokoi, akala akashiba.

Baba hakufuga tena. Alipata kibarua cha kulinda lango la watu.

Miaka mingi baadaye, mke wa baba mdogo aligombana na mumewe, akakimbilia kwetu. Alikuwa akimlilia mama sebuleni.

"Yule mtu hana roho. Hata zile pumba zenu zilinyeshewa stoo. Zikaota ukungu. Akazianika kwa turubai, akazitia kwa magunia mapya, akawaletea."

Baba alikuwa amesimama mlangoni. Nilimngoja apige kelele, avunje kitu.

"Nilijua," alisema. "Nilizinusa siku ile ile."

Mama alimgeukia. "Na ukawalisha?"

"Nilifikiri ile dawa itavunja na huo ukungu." Akaegemea mwimo wa mlango. "Na ningemwambia nini? Ni ndugu yangu."

Mama aliinuka, akaenda nje kuanua nguo ambazo hazijakauka.

Mke wa baba mdogo alirudi kwake. Krismasi wanakuja wote wawili, na baba humwachia ndugu yake kiti kizuri. Mimi humpa baba mdogo mkono, kwa sababu baba ananitazama.