Saa Niliyoisogeza Mbele Siku ya Baiskeli

Nakiri kabla sijaulizwa: mimi ndiye niliyeisogeza ile saa. Si shetani, ingawa shemasi alimtaja barabarani. Ni kidole hiki hiki kinachoshika kalamu.

Ilikuwa Ijumaa, siku ya pili ya safari ya baiskeli ya kuichangia zahanati yetu ya harambee pale Ekerenyo. Zahanati ilikuwa na kuta, mlango na muuguzi mkali. Ilichokosa ni paa. Dada yangu mdogo alizaliwa mle ndani huku shangazi amemshikia mama mwavuli. Basi mwenye duka mmoja wa sokoni akatoa ahadi: waendesha baiskeli wanane watoke mjini Kisii, wapitie Masimba na Gesima, wafike Ekerenyo wote wanane kabla ya jua la Ijumaa kutua, naye atatoa mabati ya paa zima. Akikosekana mmoja, hatatoa hata bati la choo. Nafikiri alivijua vilima vyetu vizuri sana.

Wanne walikuwa Wasabato, ambao kwao kazi hukoma jua la Ijumaa likitua, wakiongozwa na shemasi wa kanisa letu, mtu mpole mwenye tumbo lililotangulia usukani. Wanne walikuwa Wakatoliki, chini ya katekista mwembamba kama spoki. Kikosi cha msaada kilikuwa mimi na mjomba. Mjomba aliendesha pikapu. Mimi nilifanya mengine yote. Niliziba pancha, nilibeba pampu, niligawa ndizi na viazi vitamu, tena nilitakiwa kukumbuka nani hali nini. Wasabato hawanywi chai, ingawa wanailima mpaka mlangoni. Wakatoliki hawali nyama Ijumaa. Mwishowe niliwapa wote uji, nikaonekana mtu wa dini sana.

Hata saa, iliyokuwa moja tu kwetu sote, nilipewa mimi. Ilikuwa saa ya mkono ya mwalimu mkuu, ambayo shuleni tuliamini haijawahi kukosea tangu izaliwe. Aliponikabidhi alisema, "Wewe, kwa siku mbili tu, jaribu kuwa mtu." Nilijaribu hadi Gesima.

Pale Gesima tulikula, halafu shemasi akajilaza chini ya pikapu kukwepa jua. Alikoroma mpaka mtu mmoja akamuuliza mjomba kwa nini hazimi injini. Saa nane na nusu nikamwamsha. "Kijana, muda upo," akasema, akageukia upande wa pili. Saa tisa kasorobo muda ulikuwa bado upo. Basi nikavuta kile kijitufe cha pembeni, nikazungusha mishale saa moja nzima mbele, nikamwekea saa usoni.

"Tata," nikamwambia, maana ndivyo tunavyowaita wanaume wa rika la baba, "saa kumi kasorobo hii. Sabato inakuja na wewe umelala!"

Sijawahi kuona mwili ule ukiruka hivyo. Aligonga kichwa kwenye chuma cha pikapu, akapanda baiskeli ya katekista, akashuka, akapanda yake. Nilicheka hadi nikakaa chini. Nia yangu ilikuwa kuirudisha mishale baada ya kilima kimoja tu, nishakula raha yangu. Lakini shemasi aligeuza baiskeli, akanyoosha mkono.

"Lete hiyo saa. Kuanzia sasa nitaiangalia mimi."

Akaifunga kwenye mkono wake mnene, tundu la mwisho la mkanda. Ningesema hapo hapo, ila mjomba alikuwa ameshika spana.

Mvua ya alasiri huku kwetu haiombwi. Ilitukuta tumeshapita Nyamira, ikalifunika jua kama sufuria. Tope likajaa kwenye minyororo, watu wakasukuma, wakateleza, wakaanguka, nami nikachokoa tope kwa kijiti kuanzia baiskeli ya kwanza hadi ya nane. Mvua ilipokatika wingu lilibaki, zito, huwezi kujua jua liko upande gani. Tulikuwa tumebakiza kilima kimoja. Shemasi akatazama mkono wake, akafunga breki.

"Saa kumi na mbili na nusu," akasema. "Sabato imeingia."

Wasabato wote wanne wakashuka, wakalaza baiskeli kwenye nyasi, wakakaa, wakaanza wimbo.

"Ndugu zangu," katekista akalia, "ni kilima kimoja tu!"

"Kilima ni kimoja, na amri ni amri."

"Basi kaeni kwenye keria, sisi tuwabebe. Kubebwa si kazi."

Shemasi alilipima hilo kwa haki kabisa. "Kubebwa si kazi," akasema. "Lakini wewe kunibeba mimi ni kazi, tena ngumu."

Wakatoliki walimtazama shemasi, wakakitazama kilima, wakainama. Nikayaona mabati yetu yakirudi dukani moja moja.

"Tata," nikasema, "hiyo saa niliisogeza mimi. Sasa hivi ni saa kumi na moja na nusu."

Wote wanane wakaangua kicheko. Mjomba akasema, "Huyu hata akisema mvua inanyesha, mimi huchungulia nje kwanza."

"Naapa!"

"Usiape," shemasi akanikemea. "Shetani huanza hivi hivi. Husema, bado mapema, bado mapema."

Nikageuka huku na huku nikitafuta shahidi. Juu ya ukingo wa barabara kulikuwa na boma, na uani kuku walikuwa nje, wanagombania kumbikumbi.

"Basi msiniamini mimi. Waulizeni wale kuku!"

Shemasi akainuka, akapanda ukingo, sisi sote nyuma yake. Akamuuliza mama mwenye boma, "Mama, kuku wako huingia kulala saa ngapi?"

"Giza likiingia, kama kuku wa watu wengine. Kwani mnataka kuwaiba?"

Shemasi akatazama saa, akatazama kuku, akatazama saa tena. Jogoo akaruka juu ya mtetea kwa nguvu za asubuhi. Shemasi akaivua saa.

"Kuku hana utani," akasema. Kisha akanigeukia. "Wewe tutaonana. Wanaume, baiskeli!"

Walikipanda kile kilima kama watu wanaofukuzwa na nyuki. Mimi nilikimbia kwa miguu nikisukuma keria ya shemasi, maana mjomba alinikataza nisiguse pikapu. Tulipoingia sokoni wingu likapasuka, jua likatokea juu ya miti, halina haraka yoyote. Mwenye duka akahesabu, "...sita, saba, wanane," kwa sauti ya mtu anayeng'olewa jino. Paa likawa letu.

Nilifika nyumbani habari zimenitangulia. Habari hazipati pancha. Jua lilikuwa limeshatua. Mama alikuwa ameshaoga, chakula cha kesho kimepikwa na kufunikwa. Nikawahi kumwambia kwamba mabati yamepatikana. Akamshukuru Mungu, akanipakulia viazi, nikajua nimepona. Ndipo akasema:

"Kula, mwanangu, ulale. Sabato siwezi kukuchapa. Itaisha kesho jua likitua, na hilo jua nitaliangalia mwenyewe."