Jiwe Lililofifia

Miaka ya tisini nilifanya kazi ya kupima mwangaza wa asteroidi, yale mawe yanayozunguka jua, kwenye picha za anga. Mimi nilitoka Kawangware. Mwenzangu aliishi Kambi Muru, Kibera, na alikuwa mgonjwa. Siku moja vipimo vyake vya jiwe moja vilinikera: kwenye picha hii linang'aa, kwenye inayofuata limefifia, kisha linang'aa tena.

"Macho yako yamechoka," nilimwambia. "Enda nyumbani upumzike."

"Nimerudia mara tatu. Pima wewe basi."

Sikupima. Nilivikata vipimo vyake kwa kalamu nyekundu, naye akaenda, asirudi tena kazini.

Baada ya mazishi yake ndipo nilipozitoa picha zile. Nyota zilizo karibu nalo kwenye picha hazikubadilika hata kidogo. Jiwe tu ndilo lililobadilika, vile vile alivyoandika. Lilikuwa refu, nalo lilijizungusha, mara likituonyesha ubavu likang'aa, mara ncha likafifia.

Nilienda kumweleza mjane wake. Alinisikiliza huku akikunja nguo za kupeleka soko la Toi.

"Kila jioni alikuwa anauliza kama umeleta habari ya hilo jiwe," akasema.

Mpaka leo, mtu akiniambia amerudia mara tatu, naweka kalamu chini na kupima mwenyewe.