Siku Nilipolilisha Gari la Kaka Yangu

Naikumbuka vizuri asubuhi moja ya mnada, mwanangu, kabla sijapata wajukuu, gari letu lilipozima katikati ya njia ya kwenda mnadani Mhunze. Lilikuwa pikapu la mkononi, lina wiki mbili tu nyumbani. Mume wangu alilinunua kwa kaka yangu Masanja, mchimbaji wa dhahabu kule Geita, kwa ng'ombe sita, na mimi ndiye niliyemsukuma anunue. Likakohoa, likatoa moshi mweupe kama jiko la kuni mbichi, likanyamaza.

Mume wangu akapiga usukani. "Kaka yako kaniuzia mzoga!"

Nami nikashuka kutafuta kamba. Jana yake niliona mshale wa mafuta umelala chini, nikaona aibu gari lililotoka kwetu lilale njaa. Nikachukua dumu la dizeli ya mashine yetu ya kusaga, nikalimimina lote. Gari lenyewe la petroli, lakini nani aliniambia? Ng'ombe wangu wote walikunywa maji ya lambo moja, wa maziwa na wa jembe. Lilipokohoa tu, nikajua ni lile dumu.

Tukalivuta kwa ng'ombe kurudi nyumbani. Njia nzima watu wa mnadani wanauliza, "Mnamuuza yupi hapo, anayevuta au anayevutwa?"

Akaja fundi wa pikipiki, aliyejiita wa magari. Akatoa plagi, akazifuta kwa kitambaa, akazirudisha. Wapi! Akafungua pampu, akafungua na visivyofunguliwa, akatandaza vyuma kwenye turubai kama muuza dagaa. "Injini imekufa," akasema. Alipofunga, nati tatu zikambaki mkononi. Akasema hizo hazina kazi.

Mume wangu akampigia Masanja simu, ameweka sauti kubwa, ua mzima unasikia. "Shemeji, wewe ni tapeli!"

Masanja akajibu polepole, "Nakuletea ng'ombe wako, nichukue gari langu. Na hapo kwenu sitakanyaga tena."

Hata hapo sikusema, mwanangu. Nilimwona kaka yangu anapotea, mimi nikawa nawaza wanawake wa kisimani watakavyonicheka.

Siku ya tatu Masanja akafika na lori, ng'ombe sita nyuma. Akakataa hata maji ya kunywa.

Mama mkwe wangu, tuliyemwita Mayu, ndiye aliyeendesha ile mashine ya kusaga miaka yote. Macho yalikuwa yamefifia, pua bado. Akasema, "Nipeni kitambaa cha fundi." Akakinusa. Akakinusa tena.

"Hili gari siku hizi linasaga mahindi?"

Nikaweka mwiko chini.

"Ni mimi, Mayu," nikasema. "Nilitia dumu la mashine."

Mume wangu akamtazama fundi, aliyekuwa amekuja kudai ujira wake. Fundi akatazama nati zake. Mayu hakucheka. "Siku tatu mtoto wa mama yako anaitwa tapeli, na wewe unapika ugali tu? Piga magoti."

Nikapiga, mbele ya kaka na ng'ombe wake sita. Mume wangu naye akavua kofia, akamwomba shemeji yake msamaha. Tukamwaga mafuta yote, tukasafisha tenki, tukatia petroli na plagi mpya. Likakohoa mara mbili, likawaka. Masanja ndipo akacheka: "Dada, ukija Geita, jenereta langu usilisogelee!" Akala kwetu, akarudi Geita na ng'ombe wake sita, gari likabaki kwetu.

Basi, mwanangu, gari ulilonunua juzi likizima ghafla, usikimbilie kumtukana aliyekuuzia. Uliza kwanza limetiwa nini na nani kaligusa. Nusa mafuta, tazama maji na oili, ndipo umwite fundi, tena wa magari. Na kama mkono ulioharibu ni wako, sema kabla spana haijashikwa. Utachekwa, ndiyo. Mimi nilichekwa msimu mzima wa pamba na sikufa.

Mungu akupe safari zisizo na kusukumwa, akupe na kifua cha kusema "ni mimi", na mlango wako usikose ndugu anayebisha hodi.