Enzi Nahodha Alipochaguliwa na Wenye Mashamba

Enzi zetu, sisi tuliochunga mbuzi upande wa Gachoka wakati barabara ilikuwa vumbi tupu, mpira ulianza na nguo kuukuu ya mama. Ulingoja mpaka leso ya kumbebea mtoto ichoke kabisa, ukaiomba kwa adabu, ukaizungushia matambara mengine, kisha ukaifunga kwa kamba ya mkonge uliyoisokota mwenyewe ukiwa malishoni. Mpira huo ulidunda kidogo sana. Ukinyeshewa ulikuwa mzito kama jiwe la kusagia, na aliyethubutu kuupiga kwa kichwa alirudi nyumbani akiwa na shingo iliyokaza. Tulicheza peku juu ya miiba ya migunga. Nyayo zetu zilikuwa ngumu kiasi kwamba mwiba ulivunjika kabla ya kuingia.

Uwanja wetu ulikuwa kando ya kanisa, pale baba yangu alipokuwa katekista. Hapakuwa na saa. Mechi ilianza mbuzi wakishiba na kulala kivulini, na iliisha walipoinuka wenyewe kuteremka mtoni kunywa maji. Hata kama mtu alikuwa amebaki peke yake na kipa, mbuzi wakiinuka, mechi imekwisha. Hapakuwa na refa wa kubishana naye.

Lakini jambo ninalotaka kuwakumbusha wenzangu wa rika langu ni jinsi tulivyompata nahodha. Vijana wa leo wakisikia wanadhani ninatunga. Sisi hatukumchagua anayefunga mabao, wala mwenye mpira, wala mtoto wa katekista, ingawa nililitamani hilo. Wakati wa kuvuna ndengu tulipita shamba moja baada ya jingine kando ya malisho, tukiwauliza akina mama wenye mashamba: mbuzi wa nani waliingia kwako msimu huu? Wao walijua kila mbuzi kwa rangi na kwa pembe. Mchungaji ambaye hakushtakiwa na shamba hata moja ndiye aliyekuwa nahodha mpaka mavuno mengine.

Mwaka mmoja wa kiangazi kikali tulidhani sheria ingevunjika. Tulikuwa na kijana aitwaye Ireri, aliyepiga chenga kama sungura aliyeona mbwa. Bila Ireri hatukuwa timu. Ila mbuzi wake walikuwa wamekula kunde za cucu Ciarunji, bibi mjane aliyeishi karibu na mto, mpaka mizizi. Ireri alikasirika sana jina lake lilipoachwa.

"Mimi ndiye ninayefunga kila siku," alisema. "Huyu Nyaga hajafunga hata moja tangu azaliwe!"

Nyaga, ambaye mashamba yote yalikuwa yamemsifu, alikuwa kijana mzito, beki wa kusimama mahali pamoja. Aliyejibu ni cucu Ciarunji akiwa ameinama na jembe lake.

"Ungewapiga chenga hao mbuzi wako wasifike kwangu, ningekupigia kura. Mimi nitakula mabao yako?"

Tulicheka mpaka tukakaa chini. Ireri naye alicheka mwishowe, na msimu ule alicheza chini ya Nyaga bila kununa. Jioni mama yangu alitupa sote muthokoi kutoka sufuria moja, mahindi yaliyokobolewa na kuchanganywa na kunde, na baba akasali sala ndefu huku chakula kikipoa. Alituambia kwamba anayelinda shamba la jirani wakati hakuna anayemtazama, huyo mpe na vingine alinde.

Sasa mimi ni mzee. Nimestaafu, ninaishi karibu na mji wa Embu, magoti yananiuma, na ninamshukuru Mungu kwa yote, pamoja na magoti. Jambo moja ambalo limenichosha kulishukuru ni timu yangu.

Tunaiita Nyuki. Sisi wa Mbeere tunasema jina hilo lilitokana na mizinga yetu ya asali. Ndugu zetu wa Meru wanasema ni kwa sababu ya mvumo wa mashabiki wao. Hiyo ndiyo timu yetu ya ligi kuu, ya watu wa kutoka Kiritiri kwetu hadi Muthara kwao, na ilipopanda nilitoa ng'ombe wa shukrani kanisani. Leo iko karibu mkiani, na zimebaki mechi chache.

Maoni yangu, ambayo hakuna aliyeyaomba, ni haya. Mabeki wetu si wabaya, ila wameachwa peke yao kama mlinzi wa shule wakati wa likizo. Mbele tumeletewa mshambuliaji kutoka mbali, mtu mzima, anayekimbia kama anayetafuta kitu alichoangusha. Na kwenye benchi amekaa kijana wa Kiritiri mwenye mguu wa kushoto ambao ningependa kuuona ukicheza kabla sijafa. Makocha wanaingia na kutoka kama wageni wa matanga: wanakunywa chai, wanatoa pole, wanaondoka. Meneja wa timu ni shemeji yake mwenyekiti. Uwanja wa mazoezi leo umekodishwa kwa mkutano wa injili, kesho kwa wanasiasa, na wachezaji wanakimbia kando ya barabara wakikwepa bodaboda. Tukibaki ligi kuu itakuwa ni neema tupu, kwa maana kazi haijafanyika.

Mjukuu wangu Wanja, anayesoma chuo, hunisikiliza nikisema haya huku akiangalia simu yake. Yeye ni shabiki wa timu ya Uingereza. Anajua jina la mke wa kocha na aina ya mbwa wa kipa, lakini siku moja alinipeleka uwanja wetu akapotea njia.

"Guka, hiyo timu yenu itakupandisha presha bure," huniambia. "Si uhamie yangu? Sisi huwa tunashinda."

"Ninyi mnashinda? Wewe ulicheza namba gani?"

"Ai, guka!"

Ningestahimili kushindwa. Tangu utotoni nimeshindwa mara nyingi na nikalala vizuri. Kilichoninyima raha mwaka huu ni maneno ya mwenyekiti wetu redioni, kwamba Nyuki ikishuka daraja hataki kuanza tena chini. Ataiuza kwa watu wa Nairobi. Maana yake msimu ujao pengine hakutakuwa na Nyuki. Na mtu pekee anayeweza kuzuia hilo ni mwenyekiti mwingine, na mwenyekiti huchaguliwa na sisi wanachama mara moja kwa mwaka.

Ninasema huchaguliwa, lakini nieleze yaliyotokea mwaka jana. Mkutano ulifunguliwa kwa maombi, kama desturi yetu. Mchungaji aliyealikwa alimshukuru Mungu kwa mvua, kwa afya, "na kwa kiongozi huyu uliyetupa, Bwana, na unayetupa tena leo." Sisi, macho yakiwa yamefumbwa, tukaitikia Amina kwa nguvu, kama tulivyolelewa. Tulipofumbua macho, katibu alikuwa amesimama akitangaza kwamba wanachama wamempitisha mwenyekiti bila kupingwa. Watu walitazamana. Nani angesimama kupinga Amina yake mwenyewe? Tuliimba wimbo, tukala wali na karanga, tukaenda nyumbani.

Mwaka huu mwenyekiti alinijia mimi. Alikuja Jumapili baada ya ibada, na sukari na majani chai kama mgeni mwenye adabu, akakaa, akauliza habari za magoti.

"Mzee, utatufungulia mkutano na maombi," alisema. "Maombi ya shukrani tu. Unajua vile watu wamechemka."

"Nitashukuru kwa lipi?"

"Kwa uongozi, mzee. Si uongozi wote unatoka juu?"

Nilimwambia nitalifikiria. Sijawahi kukataa kuomba nilipoombwa, na nilijua nikikataa ingesemwa kwamba mzee wa kanisa ameingia siasa na kuleta mgawanyiko. Nikikubali, ningekuwa nimeiuza Nyuki macho yakiwa yamefumbwa. Alipokwenda, mke wangu aliipika ile chai, akanipa kikombe, akaniuliza kwa nini sinywi. Nilimwambia. Akasema, "Baba Njeru, ameomba sala au ameomba kura? Mpe ile moja aliyoitaja." Nikanywa chai.

Siku ya mkutano ukumbi wa kanisa ulijaa. Watu wa Muthara walikuwa wameondoka kwao alfajiri, na mkubwa wao, Mutuma, mfanyabiashara wa miraa mwenye sauti iliyokauka kwa kushangilia, alinishika mkono mlangoni.

"Mzee, leo omba fupi. Mwaka jana tulifumba macho tukaibiwa."

"Fumba moja, basi," nilimwambia.

Nilisimama. Niliwaombea wachezaji, nikiwataja mmoja mmoja kwa majina na kwa maumivu yao: goti la huyu, bega la yule, mama mgonjwa wa kipa. Nilimwombea yule mshambuliaji mzee apate alichoangusha. Niliomba basi la timu lifike salama liendako. Kisha nikasema, "Na kuhusu nani atuongoze, Bwana, ulikwisha kutupa akili na miguu. Utusaidie tuvitumie baada ya Amina." Nilisikia watu wakicheka huku wamefumba macho. Amina yao ilikuwa kubwa.

Katibu aliinuka haraka. "Kwa hivyo wanachama wamempi—"

"Wameomba!" Mutuma alipaza ile sauti yake mbovu. "Hawajachagua. Keti, kijana."

Ukumbi ukalipuka. Mwenyekiti alitabasamu, maana si mtu mjinga, akasema kama ni kura basi na iwe kura, kwa mlolongo, hapo nje mchana peupe. Kila mgombea asimame na wafuasi wake wapange mstari nyuma yake. Upande mmoja alisimama yeye. Upande wa pili alisimama mwalimu mmoja wa shule ya msingi, aliyekuwa beki wetu zamani na ambaye sasa hufundisha watoto mpira Jumamosi bila malipo. Nilienda nikasimama nyuma ya mwalimu. Mutuma akasimama nyuma yangu na watu wake.

Niliwaza kwamba enzi zetu tungepita kwanza kwa wenye mashamba. Tungewauliza makocha waliofukuzwa, wachezaji, mama wa kuuza chai langoni: huyu mtu alipokuwa na vitu vyenu mkononi, alivilinda? Hapa hakuna aliyeuliza. Wapo walioangalia ni nani aliyeleta fulana mpya za njano walizokuwa wamevaa, na wapo walioangalia jirani yao amesimama wapi. Jua lilikuwa kali. Nilisikia mstari ule mwingine ukiendelea kurefuka nyuma yangu. Sikuhitaji kugeuka, vicheko vilitosha. Ulizunguka kona ya ukumbi ukafika mpaka kwenye tangi la maji. Wetu uliishia mlangoni.

"Mzee," Mutuma alisema polepole, "maombi yako yamejibiwa vibaya."

"Nilimwomba Mungu atuache tuchague. Ametuacha."

Hakucheka. Alifuta jasho, akaenda kumpa mwenyekiti mkono wa pongezi, kwa maana ni mtu aliyelelewa. Nami nilikwenda. Mwenyekiti aliushika mkono wangu kwa mikono yake miwili na kusema, "Asante kwa maombi, mzee," na nadhani alimaanisha.

Nyumbani Wanja alisoma matokeo kwenye simu kabla sijavua viatu.

"Guka, sasa si afadhali mngeacha tu ile Amina? Imekuwa yule yule."

Nilimwambia si yule yule. Wa mwaka jana tulisingizia kwamba ametoka juu. Wa mwaka huu ametoka kwetu, kwa miguu yetu wenyewe. Alinitazama kwa huruma, kama vijana wanavyotutazama, akarudi kwenye simu yake, ambako timu yake ilikuwa inashinda.

Jumamosi Nyuki inacheza nyumbani. Nitakwenda, Mungu akinipa uzima, nikae jukwaa la jua, kwa kuwa la kivuli ni la wageni wa mwenyekiti. Utotoni ulipofungwa ulirudi kwenu kwa njia moja na waliokufunga, maana mama zenu walichota maji mto mmoja, na aliyeumia mlimbeba pamoja. Leo timu ikifungwa, kiongozi hutoka kwa lango la nyuma ndani ya gari, na sisi tunabaki barabarani tukilaumu refa. Sidhani tutabaki ligi kuu. Tukishuka na Nyuki ikauzwa, nitakuwa ninajua mstari uliotushusha, kwa sababu nilipokwenda kutoa ule mkono wa pongezi niliupita wote na kuona sura za waliokuwamo: jirani yangu wa kulia, fundi aliyejenga nyumba yangu, nusu ya kwaya yetu. Na Jumapili, ibada ikifika mahali pa kupeana amani, nitageuka kwenye benchi na kuwapa mkono hao hao.