Maulidi Isiyo na Kibali

Nikikumbuka ile pasi yangu ya kusafiria damu bado inanichemka, na mimi si kijana tena.

Zilikuwa siku za Mwingereza, tunakaa Temeke. Pasi niliipata nilipokuwa mpishi wa tajiri mmoja wa Kihindi, aliponichukua Bombay pamoja na familia yake. Baadaye muda wake ukaisha, nikaitupa sandukuni. Sikuwa na haja nayo mpaka mama aliponuia kwenda Makka. Alikuwa mjane, na kwetu mjane hatoki safari ya mbali kiasi hicho bila maharimu wake, mwanamume wa damu yake asiyeweza kumwoa. Maharimu wake nilikuwa mimi, hakuzaa mwingine.

Mama alijiandaa kama inavyotakiwa. Alizunguka mtaa mzima kuomba radhi, hata kwa jirani ambaye walikuwa hawasemezani tangu kuku wake walipomaliza mchicha wetu. Halafu tukamsomea maulidi ya kumuaga. Matari yakapigwa, wanawake wakapiga vigelegele, na pilau bado iko jikoni askari akaingia uani na viatu vyake. Alikuwa mtu wa bara, mgeni mjini.

"Kibali cha ngoma kiko wapi?"

"Hii si ngoma, afande. Ni maulidi."

"Hayo matari yanapigwa, hayapigwi?"

"Yanapigwa."

"Basi."

Nami ndiye mwenye nyumba, kwa hiyo nikaandikiwa kesi ya kupiga ngoma bila kibali.

Nilipokwenda mjini kuongeza muda wa pasi, karani wa Kigoa aliniuliza kama nina kesi yoyote. Ningeweza kusema sina, asingejua. Lakini mtu aliyenuia hija haanzi safari kwa uongo. Nikamwambia ninayo. Akanirudishia pasi yangu bila kuifungua. "Kamalize kesi kwanza," akasema, akamwita wa nyuma yangu.

Kamalize! Kana kwamba mimi ndiye niliyeishika. Nilikwenda mahakamani nimevaa kanzu safi, nikaambiwa yule askari, shahidi wa pekee, amehamishiwa bara. Kesi ikaahirishwa. Nikaenda tena, ikaahirishwa tena. Hakimu Mzungu hakuninyanyulia hata macho. Serikali iliyojua kuingia uani kwangu wakati watu wanamswalia Mtume haikujua njia ya kumrudisha askari wake mwenyewe. Na meli ya mahujaji haimngoji askari.

Mkalimani wa mahakama alinivuta pembeni. "Ndugu yangu, kubali kosa. Utatozwa faini kidogo, kesi iishe, upate pasi yako."

Jioni nikamweleza mama. Alikuwa anachambua mchele.

"Yaani useme tulikuwa tunacheza ngoma?"

"Niseme tu, mama. Kesi iishe twende zetu."

"Nimsomee Mtume wangu, halafu mwanangu akasimame mbele ya watu aseme tulikuwa tunacheza. Hija ya namna hiyo mie siitaki." Akaendelea kuchambua mchele wake.

Sikukubali kosa. Mahujaji wenzake wakaondoka, mama akabaki. Amekwisha kuagwa, amekwisha kuliliwa, na kila asubuhi anakutana bombani na watu aliowaomba radhi. Wengine walishaanza kumwita Hajati. Yule jirani wa kuku alimwuliza mbele za watu kama Makka siku hizi imehamia Temeke. Zamani mama angemjibu akome. Siku ile alinyamaza, kwa sababu radhi alishaiomba na hakutaka kuiharibu. Mimi niliposikia nilitaka kwenda kumvunjia huyo jirani mtungi wake, ila najua mtungi niliotaka kuuvunja haukuwa wake, ulikuwa wa Serikali.

Masika yakapita, na goti la mama likavimba, likakataa kunyooka. Ndipo siku moja nikaitwa mahakamani, hakimu akasema shahidi hayupo, kesi imefutwa, nenda. Maneno yenyewe hayakutosha hata mtu kumeza mate. Hakuna aliyesema samahani. Karani yule yule akaipiga muhuri pasi yangu huku anazungumza na mwenzake.

Msimu uliofuata tulisafiri. Nilipotaja maulidi, mama alikataa. "Tusiwape sababu," alisema. Hatukumuaga mtu. Tulitoka nyumbani kwetu kimya kimya na vifurushi vyetu, kama watu waliokimbia deni la pango. Hilo sijawasamehe watu wa Serikali mpaka leo, na sina mpango wa kuwasamehe.

Makka nililipa wanaume wa kumbeba. Mama aliizunguka Kaaba amelala juu ya machela, mkono wake umeshika ukingo, midomo inatikisika, nami natembea ubavuni mwake huku nalia kwa hasira na watu wakidhani ni ucha Mungu. Mwaka mmoja nyuma, mwanamke yule alikuwa akitoka Temeke mpaka Kariakoo kwa miguu yake, kapu kichwani.