Somo la Kupanda

Saa tatu asubuhi, kabla jengo la maduka karibu na barabara ya Huanshi Zhonglu halijafunguliwa, Abdulwakil Haji yumo ndani ya tangi kubwa la samaki, akisugua utando wa kijani kwenye kioo. Papa mdogo anapita nyuma ya mgongo wake. Hageuki.

Akitoka anavua miwani ya kuzamia na kuketi sakafuni. Ni mzaliwa wa Mkokotoni, Unguja. Hapa Guangzhou, China, anaishi chumba cha kupanga mtaa wa Dengfeng.

"Nilijiona fundi," anasema. "Nimeanza kuzamia kabla sijaota ndevu."

Nyumbani, yeye na kaka yake, Dullah, walizamia majongoo bahari. Injini ya kupuliza hewa ilikaa botini, wao wakipumua kwa mpira mrefu. Hawakusomea, waliiga waliowatangulia. Kazi ikiisha walipanda juu mbio.

Siku moja, baada ya kushinda chini asubuhi nzima, Dullah alipanda hivyo hivyo na wavu umejaa. Alicheka, akala, kisha akauliza mbona miguu imekufa ganzi. Hajatembea tena.

"Tulisema kapigwa na jini. Tukachinja mbuzi. Mkewe akaambiwa ndiye mwenye nuksi, akarudishwa kwao."

Abdulwakil alikuja China kumbebea mizigo mfanyabiashara wa Kizanzibari, Bi Hafidha. Biashara ilipodorora, Bi Hafidha akamtafutia kazi hii. Msimamizi wa tangi alitaka cheti cha kuzamia, akampeleka kwenye mafunzo.

Alikwenda shingo upande. Bwawani mwalimu alimsifu: anapumua kwa utulivu kuliko wenzake wote. "Lakini unapanda kama mtu anayefukuzwa," akamwambia.

Kesho yake, darasani, mwalimu alichora mwili wa mtu ubaoni. Anayekaa chini ya maji kwa muda mrefu, alieleza, hewa humwingia kwenye damu. Akipanda haraka, hewa hiyo hugeuka mapovu, kama soda iliyofunguliwa ghafla, na mapovu huweza kuua miguu. Dawa ni kupanda polepole na kutulia kidogo kabla ya kufika juu.

"Basi. Ni hilo tu," anasema Abdulwakil. "Niliomba ruhusa, nikajifungia chooni mpaka kipindi kikaisha. Miaka yote ile bahari haikunifundisha neno hilo. Ilinifundisha kutoogopa, na kutoogopa ndiko kulikotuponza."

Jioni alimpigia kaka yake simu, akamweleza yote.

"Kumbe si jini," akasema Dullah.

"Si jini, kaka."

"Na mke wangu nilimfukuza bure."

Akakata simu. Walikaa karibu mwezi mzima bila kuzungumza.

Abdulwakil anakusudia kurudi Mkokotoni mwakani, akawafundishe vijana ambao bado wanazamia kwa mpira. Ana wasiwasi kwamba watamcheka, kama ambavyo yeye mwenyewe angecheka.

Wiki iliyopita Dullah alipiga simu. Hakusalimia.

"Ukija, somo la kupanda niachie mimi," alisema. "Mnibebe, mniweke mbele yao. Wewe hawatakusikiliza, unatembea."