Mama Kelele na Setilaiti ya Mdogo Wake

Kazini walimwita Mama Kelele, na mgeni akilisikia jina hilo alitarajia mtu wa mdomo. Kumbe mwenyewe mpole, akiongea mpaka umtegee sikio. Kelele zilizompa jina ni zile za ndani ya mitambo. Alibuni amplifaya za mawimbi ya redio ya masafa ya juu mno, zile zinazokaa kwenye mdomo wa dishi na kupokea mnong'ono wa angani kabla ya chombo kingine chochote. Amplifaya ikitia kelele yake hapo, mnong'ono umezama. Mitambo inayofuata itakuza uchafu tu.

Mdogo wake wa kiume aliongoza kikundi kilichounda setilaiti ndogo. Ilirushwa salama, lakini bawa lake la sola, la kuichaji, likagoma kufunguka. Akaja karakana kwa dada yake, macho mekundu.

"Dada, inaongea, ila hatuipati vizuri."

Mama Kelele akaacha yote, akaanza kuunda amplifaya ya kuisikia. Amplifaya ya kwanza ilipiga mluzi yenyewe kwa yenyewe. Masafa ya juu hivyo hayana simile, waya ukizidi unywele tu, umeharibu. Akaibomoa, akainamia hadubini, akalehemu upya mpaka shingo ikakakamaa. Ya pili ilitulia kama maji mtungini.

Setilaiti ilipopita juu yao, walisikia kila kitu. Chaji ilikuwa inashuka. Mdogo wake akatuma amri ya kufungua bawa, akairudia, akairudia tena.

"Mbona haijibu, na tunaisikia?"

"Sisi tunaisikia," dada akasema. "Yenyewe ndiyo haitusikii. Sikio lake liko huko juu, mkono wangu haufiki."

Ikawa hivyo kila ikipita: wao kusikiliza, yenyewe kufifia. Mgonjwa unamwona, dawa unayo, mlango umefungwa. Kisha siku moja setilaiti ikapita kimya.

"Labda ni amplifaya," mdogo wake akasema, kama anayeomba.

Mama Kelele akaipima. Tangu aanze kazi hiyo hakuwahi kutamani kazi ya mikono yake iwe mbovu. Siku hiyo alitamani. Akapima tena.

"Nzima," akasema.

Mdogo wake akaitikia kwa kichwa, ila hakuinuka. Saa ya setilaiti kupita ilipokaribia tena, dada akairudisha amplifaya kwenye dishi. Akawasha mitambo, akasogeza kiti karibu na chake, wakasikiliza mvumo mtupu wa anga.